Mume Kwenye Kiti cha Pembeni

Tulipoachana wiki iliyopita, Naima alikuwa mbele ya meza ya Adelina, yule dada anayeuza tiketi za ndege pale Chang'ombe. Alikwenda kuthibitisha safari yake ya London ya jioni ileile na kuomba kiti cha dirishani. Adelina alipiga simu ofisi ya ndege, akasikiliza, kisha akaziba simu kwa kiganja na kumtazama kwa furaha.

"Dirishani umepata. Na mumeo alishapiga asubuhi, kaomba cha pembeni yako. Mtakaa pamoja."

Wewe uliyeanza kusoma leo, jua hili tu. Mume huyo ni Nasser, mwenye duka la vipuri anayekwenda London mara kwa mara kuleta mali, na ndoa yao ilishavunjwa mahakamani. Mwaka wa kwanza alimvunja Naima mkono kwa mchi wa kinu. Mwaka uliofuata akamchoma mgongo kwa pasi ya mkaa, mbele ya wageni, kwa sababu chai ilichelewa. Naima alipotoka hospitali ya Mwananyamala hakurudi kwake. Alihamia kwa kaka yake Marijani, Temeke, akawa anashona nguo za watu huku akingoja mwaliko wa mama yake mdogo aliyeko London. Hapa mjini safari hii waliijua yeye, Marijani na Adelina. Hakuna mwingine.

Naima hakupiga kelele. Alimuuliza Adelina taratibu kama amemwambia mtu yeyote habari ya safari. Adelina aliapa kwa jina la mama yake kwamba hajafungua mdomo, na uso wake ukaonyesha kwamba sasa ndiyo anaelewa alichokisema.

Basi akaombwa abadilishe siku. Haikuwezekana. Viza ya Naima ilikuwa inaisha, na ndege nyingine ilikuwa ya wiki inayofuata. Akaombwa abadilishe kiti. Alirudi kwenye simu, akabembeleza, akasikiliza, akabembeleza tena. Ndege ilikuwa imejaa. Viti vilivyobaki vilikuwa vya mkiani kabisa, kwenye safu za wavuta sigara, na hivyo havitolewi kwa simu. Vinatolewa kaunta, uwanjani, kwa mkono wa karani.

"Muulize Gaudens," Adelina alisema. "Mwambie mie nimekutuma. Na uwahi, dada. Uwahi kabla yake."

Naima alikuwa ameshafika barabarani. Kichwani mwake lilikuwa linazunguka jambo moja tu. Kama Adelina hakusema, basi aliyesema ni Marijani, na Marijani hawezi kusema kwa hiari yake.

* * *

Karakana ya Marijani ilikuwa nyuma ya nyumba yao. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na mchana kama ule mlango wake huwa wazi, cheche zinaruka mpaka uani. Siku ile mlango ulikuwa umefungwa na redio imefunguliwa sauti ya juu kabisa.

Naima aliusukuma kwa bega.

Marijani alikuwa amepiga magoti mbele ya meza yake ya kazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya jiliwa, lile bano kubwa la chuma analobania vyuma vya mageti, na jiliwa lilikuwa limekazwa. Damu ilishaacha kutiririka. Ilikuwa imeganda kwenye mguu wa meza kama rangi iliyomwagika.

Pembeni yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, palikuwa na mwanamume mnene aliyekuwa anakula mihogo ya kukaanga kwenye karatasi. Kazi yake ilikuwa kukaa pale mpaka ndege iondoke ili Marijani asipate kumwonya dada yake. Alimwona Naima akatabasamu, akafuta vidole kwenye suruali, akainuka.

Hakufika wima. Naima alichukua kipande cha bomba kilichoegemezwa ukutani akampiga nacho goti. Lilitoa sauti ya kijiti kikavu. Yule mtu aliinama kulishika, na pigo la pili likamkuta usoni. Alianguka juu ya mihogo yake. Alipojaribu kumshika Naima mguu, alipigwa mara ya tatu, kwenye kiwiko, na baada ya hapo hakujaribu tena.

Naima akalegeza jiliwa. Mkono ulitoka, lakini vidole viwili havikuwa tena na umbo la vidole. Marijani hakulia. Alikuwa mweupe midomoni na anatazama chini kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

"Nimesema, Naima," akasema. "Cha kwanza nilinyamaza. Walipofika cha pili nikasema. Ndege, siku, kila kitu."

Naima alivua khanga yake ya mabegani akamfunga mkono. Akasema haendi tena. Angebaki, angempeleka hospitali, angekwenda polisi, na litakalokuwa liwe.

Marijani alimshika kidevu kwa mkono ule mzima.

"Ukibaki nitakuwa nimevunjwa vidole bure. Nenda."

Majirani waliitwa. Wawili walimpakia Marijani kwenye pikapu, watatu wakamkalia yule mnene mgongoni wakisubiri polisi. Naima alichukua sanduku lake, akavaa buibui juu ya gauni lenye damu ya kaka yake, akaingia kwenye teksi. Njia nzima ya Pugu Road hakulia. Alikuwa anarudia jina moja kimoyomoyo asije akalisahau: Gaudens, Gaudens, Gaudens.

* * *

Gaudens alikuwa kijana mrefu mwenye tai fupi. Mbele yake palikuwa na ramani ya ndege ya karatasi, kila kiti kikiwa na stika yake ndogo. Abiria akifika, Gaudens alibandua stika na kuibandika kwenye kadi ya kupandia ndege, na hapo kiti kinakuwa chako.

Naima alimweleza kwa sauti ya chini. Hakueleza yote. Alisema tu kwamba mtu atakayekaa pembeni yake ndiye aliyemvunja mkono, na akakunja mkono wa buibui kidogo ili Gaudens aone ulivyopinda.

Gaudens hakuuliza zaidi. Aliirudisha stika ya mwanzo mahali pake, kidole chake kikashuka mpaka mkiani mwa ile ramani, akabandua nyingine. Kiti cha dirishani, safu ya mwisho ya upande wa kushoto, ambako viti ni viwili viwili.

"Kule kuna moshi, dada, na kiti hakilali nyuma," alimwambia. "Lakini pembeni yako nimemweka mtu mzima, ofisa magereza wa Ukonga. Anakwenda kozi. Kaomba mwenyewe sehemu ya kuvuta."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Naima alivuta pumzi mpaka mwisho.

Na kweli alikuwa mtu mzima. Jina lake Kasimiri, mwenye shingo nene na mvi za pembeni, na koti la suti lililomkaa kama la kuazima. Naima alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akampisha apite dirishani, kisha akatoa pakiti yake ya sigara na kuiweka tayari kwenye paja. Alisema hajawahi kupanda ndege na kwamba hofu yake yote imo kwenye pakiti ile.

Abiria waliingia, wakakaa. Milango ilikuwa karibu kufungwa. Naima alikuwa ameanza kuamini kwamba Nasser amekwama njiani, pengine polisi wa Temeke wameshamfikia.

Ndipo akamwona.

Aliingia wa mwisho, suti ya kijivu, nywele zimechanwa, anawaomba radhi watu anaowagusa kwa begi lake. Alikwenda moja kwa moja mpaka safu yake ya mbele. Akakitazama kiti cha dirishani kilichokuwa kitupu. Akakaa kidogo, akainama kama mtu anayetafuta kitu kwenye begi. Kisha akainuka, akaanza kutembea kuja nyuma, safu moja baada ya nyingine, akitazama kushoto, akitazama kulia.

Naima alivuta ushungi mpaka machoni akageukia dirisha.

Hatua zilisimama.

"Mke wangu," Nasser alisema kwa upole. "Mbona umekuja kukaa huku kwenye moshi na kifua chako kile?"

* * *

Msomaji, kama unadhani Nasser alimkamata kwa nguvu, humjui bado. Nasser alilia. Machozi ya kweli, mawili, moja kila jicho. Alimweleza Kasimiri kwamba mkewe ana maradhi ya akili, kwamba anampeleka kwa daktari Uingereza, kwamba akipatwa na hali yake huwakimbia hata wanawe. Akaomba wabadilishane viti. Chake kiko mbele, kina nafasi ya miguu, hakuna moshi wala kelele za injini.

Naima alimshika Kasimiri mkono wa koti. Alimwambia asihame. Alimwambia huyu si mume wake, waliachana mahakamani, na asubuhi ile watu wake wamemvunja kaka yake vidole. Alisema haraka, maneno yanagongana, na kadiri alivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kufanana na mtu ambaye Nasser amemweleza.

Watu wa safu za mbele waligeuka. Mama mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma yenyewe ilikuwa kwa Nasser.

Mhudumu akaja, mama wa Kizungu mwenye subira. Hakujua Kiswahili. Naima alimweleza tena yote huku akionyesha mkono wake, na mhudumu akauliza anasema nini. Aliyemtafsiria alikuwa Nasser.

Sijui alitafsiri nini. Najua tu kwamba mhudumu alimpapasa Naima begani na kumletea glasi ya maji.

Kasimiri alisimama. Hakupenda, sigara zake zilikuwa bado hazijaguswa, lakini alikuwa mtu aliyelelewa kumpisha mwenye mgonjwa. Alimwambia Naima pole, mwanangu, utapona. Akaenda mbele.

Nasser akakaa. Akafunga mkanda, akauvuta ukambana vizuri, akaomba blanketi. Alilitandaza juu ya mapaja yao wote wawili kama mume anayemfunika mke wake. Ndege ikaanza kusogea. Chini ya blanketi Naima alihisi kitu chembamba na cha baridi kikimgusa paja kupitia kwenye nguo.

Wembe.

"Sikukati hapa," Nasser alimnong'oneza, midomo ikigusa ushungi. "Hapa nitakushika mkono mpaka London. Nataka mama yako mdogo akuone ukiwa mzima kwanza. Lakini ukifungua mdomo tena, nakata sasa hivi, hapa hapa kwenye mshipa."

Naima alitazama mbele. Alimfikiria Marijani akiwa amepiga magoti. Alifikiria safari nzima, saa baada ya saa, na mkono huu juu ya wake. Akagundua kwamba hofu yake imekwisha, kama maji yanavyokwisha kwenye ndoo. Mkanda wake hakuwa ameufunga. Nasser, katika haraka yake ya kumfunika, hakutazama.

Naima alimpiga uso kwa kiwiko.

Pua ilivunjika. Kabla damu haijaanza kutoka, Naima alikuwa amesimama juu ya kiti, anapanda mgongo wa kiti cha mbele, buibui limejaa miguuni. Nasser alirusha mkono. Wembe ulipasua nguo na kumpasua shavu la mguu kutoka chini ya goti mpaka karibu na kisigino. Alijirusha amfuate, lakini mkanda wake mwenyewe ulimrudisha kitini. Alijirusha tena, ukamrudisha tena. Alikuwa anapiga wembe hewani huku tumbo limefungwa, na Naima akaangukia kichwa chini kwenye mapaja ya mwanamume na mkewe waliokuwa wanasoma gazeti.

Mbele kule, Kasimiri alikuwa tayari yuko kwenye ujia anarudi. Alipokaa kwenye kiti cha Nasser alitia mkono kwenye mfuko wa kiti kutafuta pa kuweka miwani, akatoa karatasi ndogo ya nta, mpya, iliyofunguliwa. Karatasi ya wembe. Huyu alikuwa mtu aliyepekua wafungwa maisha yake yote. Hakuhitaji kuelezwa.

Nasser aliufungua mkanda. Aliinuka uso ukiwa damu tupu, akamkamata Naima nywele kupitia ushungi, akamvuta kichwa nyuma mpaka koo likawa wazi.

Kasimiri aliingiza mkono wake kati.

Wembe uliokuwa unakwenda kooni ulipita kwenye mkono wa Kasimiri, kuanzia kiganjani mpaka kiwikoni, koti na shati na nyama. Hakuuondoa. Kwa mkono wa pili alimshika Nasser kisogo akampigiza paji la uso kwenye mkono wa kiti. Akamwinua, akampigiza tena. Kifuniko cha kisahani cha majivu kikang'oka na kuruka. Mara ya tatu Nasser aliachia nywele, na wembe ukaanguka kwenye zulia. Kasimiri akamlaza kifudifudi kwenye ujia akamkalia, akiwa anavuja damu juu yake kama bomba bovu.

Ndege ilikuwa imesimama katikati ya njia yake. Watoto walikuwa wanalia. Yule mama aliyetikisa kichwa kwa huruma alikuwa amejifunika uso kwa mkoba.

* * *

Askari wa uwanja walipanda wakamfunga Nasser mikono nyuma. Alikuwa bado anamwita Naima mke wangu, sauti ileile ya upole, akitema damu. Walimburuta ngazini na hakusikika tena.

Shida ikawa nyingine. Mkubwa wa askari alitaka Naima ashuke. Yeye ndiye mlalamikaji, kwa hiyo yeye ndiye wa kuandikisha maelezo, na hayo hayamalizwi kwa dakika mbili. Naima alijua maana yake. Akishuka, ndege inaondoka, viza inakufa, na anarudi kuishi katika mji ambao Nasser ana pesa na ndugu na watu wanaokula mihogo mbele ya mtu anayevunjwa vidole.

Kasimiri alikuwa amekaa sakafuni, mhudumu anamfunga mkono kwa bandeji iliyokuwa inalowa kabla haijamaliza kuzungushwa. Alimwita yule mkubwa wa askari kwa cheo chake.

"Aliyekatwa zaidi ni mie," alisema. "Mlalamikaji ni mie, shahidi ni mie, na wembe nimeukalia. Nashuka mie. Huyu binti muacheni aende."

Akaambiwa atakosa kozi yake. Akajibu kwamba kozi ilikuwa ya namna ya kuwalinda watu, na kwa siku ile anadhani ameshaifanya.

Walibishana, rubani akaja, wakabishana tena. Mwishowe jina la Naima na anwani ya mama yake mdogo vikaandikwa, mguu ukafungwa, na Kasimiri akashuka akiegemea askari. Naima alitaka kumwambia neno. Alilolipata lilikuwa shikamoo, akalisema, na yule mzee akaitikia bila kugeuka.

Viti vya mkiani vilikuwa vimelowa damu. Mhudumu alimshika Naima mkono akampeleka mbele, kwenye kiti kilekile cha dirishani ambacho Adelina alimwekea tangu mwanzo. Cha pembeni kilikuwa kitupu sasa. Naima alikitazama kitupu hivyo, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Kabla ndege haijaondoka, mwanamke mmoja wa makamo alisimama safu ya kati. Alivaa buibui safi, mikono imechorwa hina. Alizungumza na mhudumu kwa Kiingereza kizuri, akimwonyesha Naima. Mhudumu alitabasamu, akakubali. Mwanamke akaja akakaa pembeni ya Naima, akamfunga mkanda kama mtu anavyomfunga mtoto, akampa kitambaa cha kufutia macho.

"Nimeomba nihamie hapa," alisema. "Haifai ukae peke yako."

Naima alimshukuru. Ndege ilikimbia, ikanyanyuka, na dirishani mabati ya Ukonga yakawaka jua la jioni, yakawa madogo, yakapotea chini ya mawingu. Alilaza kichwa kwenye bega la yule mwanamke. Bega lilikuwa linatetemeka. Naima alidhani ni hofu ya ndege.

Mwanamke akaanza kusema polepole, macho yakiwa mbele, vidole vya hina vimeshikana.

"Jina langu Badriya. Mume wangu anaitwa Usama, yuko London. Ni kaka yake Nasser."

Naima aliinua kichwa.

"Mama yako mdogo hatakuja kukupokea," Badriya alisema. "Usama alimfikia leo mchana. Aliyemwelekeza nyumba kwa simu ni mie."